Rangi za tarakilishi ni lugha, tusizidharau

Yapo malalamiko yaliyozoeleka mno miongoni mwa walimu wa tarakilishi, na hata sisi wa idara za lugha hatujasalimika nayo. Mwanafunzi hupewa kazi ya kuandika programu fupi, naye badala ya kuikabili kazi yenyewe hukesha akibadilisha rangi za kihariri chake, yaani ile programu ya kuandikia na kusahihishia matini. Rangi ya nyuma ameitia weusi wa makaa, maneno muhimu ameyapaka zambarau, na maelezo ya pembeni ameyafifiza kama jivu. Kisha huligeukia lile dirisha la kuandikia amri, ambalo mafundi huliita teminali, akaona kwamba rangi zake hazioani na za kihariri, basi kazi ikaanza upya. Kunapokucha, rangi zinameremeta lakini programu haijaandikwa. Mwalimu naye hutoa hukumu moja tu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mgala muue na haki umpe. Sikatai kwamba wapo wanafunzi wanaojificha nyuma ya rangi ili kuikwepa kazi, kama vile walivyokuwapo waliokuwa wakipiga mistari ya kalamu nyekundu kwenye kila ukurasa wa daftari bila ya kuandika insha. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba hukumu hiyo ni nusu ya ukweli. Rangi zinazoonekana katika kihariri na teminali si urembo mtupu. Ni lugha. Kuzioanisha ni kazi ya kusanifisha lugha hiyo, na kama ilivyo kazi yoyote ya usanifishaji, anayeifanya bila kujua maana yake hupoteza wakati, na anayeipuuza anaweza kupoteza zaidi ya wakati.

Nitatoa kisa kimoja. Mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa nikimsimamia alikuwa amekusanya matini za Kiswahili na kuvitia alama vitenzi vyote vilivyomo, ili aweze kuvihesabu kulingana na minyambuliko yake. Alikuwa na programu ndogo ya kukagua alama hizo, ambayo kila ilipokuta mstari wenye shaka iliandika onyo kwenye teminali kwa rangi ya kijivu. Kijana huyo alikuwa amejitungia jedwali la rangi ili teminali ifanane na kihariri chake, na katika kulitunga aliipa nafasi ya kijivu rangi ile ile aliyoiweka nyuma ya maandishi. Maonyo yakawa yanaandikwa, lakini ni kama mtu aandikaye kwa makaa juu ya ubao mweusi. Kwa majuma mawili aliamini kwamba faili zake hazina dosari. Tulipoyanakili matokeo na kuyaweka katika faili ya kawaida ndipo maonyo yalipojitokeza, mstari baada ya mstari, na sura nzima ya tasnifu ikabidi iandikwe upya.

Je, kosa lilikuwa kupenda rangi? La hasha. Kosa lilikuwa kubadilisha maana za maneno bila kujua kwamba ni maneno.

Ili tuelewane, sharti turudi nyuma kidogo. Teminali tunazozifungua leo katika madirisha ya tarakilishi zinaiga mitambo halisi ya zamani, na maarufu zaidi miongoni mwayo ni VT100 iliyotolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani mwaka 1978. Mtambo huo haukuwa na rangi mbalimbali. Ulikuwa na maandishi yanayong'aa juu ya kioo cheusi, basi. Lakini ulifuata kanuni iliyoendelea kutumika mpaka leo: programu inayotaka kubadilisha sura ya maandishi hutuma alama fiche, ile ile itumwayo na kitufe cha Esc, ikifuatwa na mabano ya mraba, nambari, na herufi m. Rangi zilipokuja zikapewa nambari zake katika kanuni hiyo. Nyeusi ni 30, nyekundu 31, kijani 32, manjano 33, buluu 34, ile zambarau yenye wekundu 35, feruzi 36 na nyeupe 37. Baadaye zikaongezwa nane nyingine zenye mng'ao zaidi, kuanzia 90 hadi 97. Jumla ni rangi 16.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Programu inapotuma 31 haitumi wekundu. Inatuma jina. Wekundu wenyewe, uwe wa damu au wa matofali, huamuliwa na jedwali lililomo ndani ya teminali, na jedwali hilo mtumiaji anaweza kulibadilisha apendavyo. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa na wanafunzi wake mwaka 1916 baada ya yeye kufariki, alitufunza kwamba uhusiano kati ya ishara na kinachoashiriwa ni wa kukubaliana tu, na kwamba thamani ya ishara hutokana na tofauti yake na ishara nyingine zilizomo katika mfumo huo. Sidhani kama upo mfano mwepesi wa fundisho hilo kuliko jedwali hili la rangi 16. Mwanafunzi wangu aliziondoa ishara mbili tofauti zao, basi mojawapo ikakosa thamani ikatoweka machoni.

Walimu wenzangu wa Kiswahili wanaijua kanuni hii kwa vitendo. Tunapochanganua kitenzi kama "aliyemsomea", wengi wetu hutumia chaki za rangi: kiambishi cha nafsi kwa rangi moja, cha wakati kwa nyingine, kirejeshi kwa nyingine, na mzizi "som" kwa nyekundu ili uonekane. Sasa chukulia kwamba mwalimu wa asubuhi ametumia nyekundu kwa mzizi, naye mwalimu wa alasiri akaja katika darasa lile lile akatumia nyekundu kwa nafsi. Hakuna aliyekosea, lakini wanafunzi wamepotea. Kihariri na teminali zisizooana ni walimu wawili wa namna hiyo. Katika kihariri nyekundu ni maandishi yaliyofungwa ndani ya alama za kunukuu, jambo lisilo na hatari yoyote; katika teminali nyekundu ni kosa, au ni mstari uliofutwa. Macho ya mwanafunzi husafiri kutoka dirisha moja hadi jingine mara mamia kwa siku, na kila safari yanadaiwa kufanya tafsiri ambayo hayakuhitaji kuifanya.

Isitoshe, majina ya rangi hayaaminiki sana, na historia ya tarakilishi ina ushahidi wa kuchekesha. Kampuni ya IBM ilipotoa tarakilishi yake ndogo mwaka 1981 pamoja na kadi ya rangi iliyoitwa CGA, ile ambayo kwa hesabu ilipasa kuwa manjano iliyofifia iligeuzwa makusudi kwenye skrini yake ikawa hudhurungi, kwa kuwa manjano iliyofifia haikupendeza. Urithi huo ungalipo: ziko teminali ambazo ukiomba manjano kwa nambari 33 unapewa rangi ya hudhurungi. Kioja kingine kimo katika majina ya rangi za kurasa za mtandao. Kijivu kinachoitwa "gray" kina kiwango cha 128, ilhali kinachoitwa "darkgray", yaani kijivu cheusi, kina kiwango cha 169. Maana yake ni kwamba kijivu cheusi ni cheupe kuliko kijivu cha kawaida! Sababu ni kwamba majina yalirithiwa kutoka mifumo miwili tofauti, wala hakuna aliyeketi kuyapatanisha.

Sisi Waswahili tusicheke sana, kwani tuna uzoefu wetu. Ni rangi tatu tu katika lugha yetu ambazo ni vivumishi halisi vinavyofuata upatanisho wa ngeli: tunasema kitabu cheusi, nguo nyeupe, maua mekundu. Brent Berlin na Paul Kay walipochapisha utafiti wao maarufu juu ya majina ya rangi mwaka 1969, walidai kwamba lugha zenye majina matatu ya msingi huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Na ingawa nadharia yao imekosolewa na kurekebishwa tangu hapo, vivumishi vyetu vitatu vinakaa humo vizuri. Rangi nyingine tumezikopa kutoka kwa vitu. Kijani ni jani, manjano ni kiungo cha mchuzi, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, na samawati ni mbingu. Kila aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya anaikumbuka orodha aliyoikariri, yenye urujuani, hudhurungi, damu ya mzee na maji ya kunde. Lakini samawati ya Lodwar adhuhuri si samawati ya Kericho mvua inapotanda. Jina letu huelekeza kwenye kitu, nacho kitu hubadilika. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kulielewa lile ambalo mwanafunzi wangu hakulijua: kwamba jina la rangi ni ahadi, wala si rangi yenyewe.

Yafaa basi nieleze jinsi kazi ya kuoanisha inavyopaswa kufanywa, maana kulaumu bila kuelekeza ni kazi rahisi. Jambo la kwanza ni kuamua nani mkubwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ama teminali iwe chanzo cha rangi, na kihariri kifuate. Ama kihariri kiwe chanzo, na teminali ifuate.

Njia ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Chukua kihariri cha Vim, ambacho Bram Moolenaar wa Uholanzi alikitoa mwaka 1991 na ambacho tungali tunakitumia baada ya kifo chake mwaka 2023. Kina agizo liitwalo termguicolors. Likiwashwa, kihariri huacha nambari za teminali na kutuma rangi zake chenyewe, kila moja ikielezwa kwa viwango vitatu vya nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Huo ni uwezo wa kuchagua miongoni mwa rangi 16,777,216, na ndio mwanzo wa lahaja mbili katika skrini moja. Likizimwa, na ukachagua mpangilio uliotungwa kwa rangi 16 tu, kihariri huomba 31 na kupewa kile kile ambacho programu nyingine zote katika teminali hiyo hupewa. Ukibadilisha jedwali mahali pamoja, kila kitu hubadilika pamoja. Lililobaki ni kukiambia kihariri, kwa agizo la background, ikiwa nyuma ya maandishi ni kweusi au kweupe. Ajuaye hili hatashangaa pia kwamba ndugu yake Vim aitwaye Neovim alibadilika sura katika toleo la 0.10 la mwaka 2024: tangu toleo hilo, agizo lile hujiwasha lenyewe iwapo teminali inaziweza rangi hizo nyingi.

Njia ya pili huwafaa wanaotumia vihariri kama Visual Studio Code, ambamo teminali imo ndani ya kihariri chenyewe. Huko mpangilio wa kihariri ndio unaoweza kuijaza teminali rangi zake, na mtumiaji aweza kuzirekebisha moja moja katika sehemu ya mipangilio iitwayo workbench.colorCustomizations, kwa majina kama terminal.ansiRed. Anayetaka mpangilio uliokwisha kutungwa kwa matumizi ya pande zote mbili anaweza kuanza na Solarized, uliotolewa na Ethan Schoonover mwaka 2011. Una rangi 16: nane za usuli na maandishi, na nane za kutilia mkazo, zilizopangwa ili mtu aweze kuhama kutoka weusi hadi weupe bila rangi za mkazo kubadilika. Hata hivyo, hakuna kizuri kisicho na gharama. Rangi zake za usuli zimewekwa katika nafasi za zile zenye mng'ao, kwa hiyo programu itakayoomba kijani chenye mng'ao itapewa kijivu. Anayeutumia na alijue hilo mapema.

Wanahistoria wa Kiswahili watalitambua jambo hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, si kwamba Kimvita kilikuwa kibovu. Sisi tuliolelewa na tenzi za Mombasa hatutakubali kamwe neno hilo. Ni kwamba vitabu vya shule za nchi nne vilihitaji chanzo kimoja. Hasara zake tunazijua, na faida zake tunazila hadi leo. Kusanifisha si kutafuta kilicho kizuri kupita vyote. Ni kukubaliana juu ya kimoja na kukitangaza.

Fauka ya hayo, lipo suala la haki. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200 hawatofautishi vizuri baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Hata kama kwetu idadi hiyo ni ndogo zaidi, mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 hana budi kudhani kwamba yumo angalau mmoja ambaye kwake "mstari mwekundu" na "mstari wa kijani" ni mistari miwili inayofanana. Miongozo ya shirika la W3C iliyotolewa mwaka 2008 inaagiza kwamba rangi isiwe njia pekee ya kueleza maana, na inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kwa lugha nyepesi: kosa liandikwe neno "kosa", mstari uliofutwa uwe na alama ya kutoa, na ulioongezwa uwe na alama ya kujumlisha, ndipo rangi ije kusaidia. Wala tusisahau mazingira yetu. Maabara yenye madirisha makubwa yasiyo na mapazia, jua la saa nane likipiga kwenye vioo, si mahali pa maandishi ya kijivu juu ya weusi hata yawe ya kupendeza namna gani usiku bwenini.

Yamkini mpinzani wangu atauliza: je, rangi hizo zinasaidia kweli kuelewa programu? Nitamjibu kwa ukweli, hata kama haunipendelei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wanaoanza kujifunza kuandika programu haukuona kwamba rangi za kihariri ziliwawezesha kujibu maswali kwa usahihi zaidi kuliko maandishi yasiyo na rangi. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba rangi nzuri zitampa akili. Dai langu ni jingine kabisa. Sisemi kwamba rangi hufundisha. Nasema kwamba rangi zikishakuwapo, husomwa, tutake tusitake. Na kinachosomwa kikiwa na maana mbili zinazogongana, au kisipoonekana kabisa, hupotosha. Asiye na rangi ana kimya. Mwenye rangi zisizopatana ana uvumi. Kimya ni afadhali.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha kufundishwa kwa usimbaji wa programu katika shule za msingi na za upili. Jambo hilo lilipongezwa, na lilistahili. Lakini somo hilo likifikishwa darasani kama kanuni za kukariri tu, tutakuwa tumewanyima watoto nusu ya elimu. Ningependa kumwona mwalimu wa tarakilishi akiingia darasani pamoja na mwalimu wa Kiswahili kwa kipindi kimoja tu. Wachapishe rangi zote 16 kwenye teminali, wawaulize wanafunzi kila moja inaitwaje, waone jinsi watakavyobishana juu ya feruzi na samawati, kisha wawaonyeshe kwamba tarakilishi haijui hata moja kati ya majina hayo. Inajua nambari na jedwali. Katika dakika 40 watakuwa wamefunza isimu, tarakilishi na adabu ya kukubaliana.

Nawe mwanafunzi, sikukatazi kupamba kihariri chako. Nakuomba tu upambe kama mtunga kamusi, si kama mpaka rangi. Andika katika faili moja kila rangi uliyoichagua na kazi uliyoipa: hii ni ya kosa, hii ya maelezo, hii ya maandishi ya kunukuu. Ipe jina la kazi yake, si la sura yake, ili siku utakapochoka na zambarau usilazimike kubadilisha maana pamoja nayo. Hakikisha hakuna nambari hata moja inayofanana na rangi ya nyuma. Jaribu jedwali lako mchana na usiku, na umwonyeshe mwenzako asome. Ukimaliza, funga mlango wa rangi urudi kwenye kazi uliyopewa.

Kijana yule niliyemtaja alimaliza tasnifu yake, ingawa kwa kuchelewa. Alipokuja kunionyesha sura aliyoiandika upya, teminali na kihariri chake vilikuwa na rangi zile zile, chache na zilizokolea, na juu ya faili ya jedwali lake alikuwa ameandika kwa Kiswahili kazi ya kila nambari. Kwenye 90 alikuwa ameandika: "Maonyo. Lazima yaonekane."